Zamu Sawa kwa Mashine Zisizo Sawa

Mliponiaga mlinipa vitenge viwili, seti ya sufuria na hotuba tatu. Vitenge navaa, sufuria zinapikiwa, na hotuba nimezisahau, isipokuwa ile ya kijana wa mitambo aliyesema kwamba miaka yangu yote pale kituoni hakuna ujumbe hata mmoja uliowahi kupotea. Mkapiga makofi. Mimi nilikuwa natazama soda yangu. Ni kweli, hakuna uliopotea. Lakini kufika ni jambo moja na kufika kwa wakati ni jambo jingine, na kwa kuwa sasa sina bosi wa kunikata kauli, nitawaandikia habari za ujumbe mmoja uliofika. Mtanivumilia nikianzia mbali, kwa sababu kosa lile nililianza zamani, kabla hata ya mashine zenyewe kutengenezwa.

Mimi ni mtoto wa Ihanda, wa kwenye kahawa. Katikati ya miaka ya themanini, sabuni ilipoanza kuonekana tena madukani, nilikwenda Vwawa kufanya kazi ya kuunganisha simu. Chombo chenyewe kilikuwa ubao mkubwa wenye matundu, na nyaya zenye vichwa vya shaba. Mtu akizungusha mkono wa simu yake huko aliko, kifuniko kidogo kinaanguka mbele yako. Unachomeka waya, unauliza anamtaka nani, unachomeka waya wa pili, unawaacha wazungumze. Siku yangu ya kwanza nilimuunganisha karani wa kahawa na paroko badala ya mnunuzi wake, wakasalimiana na kuulizana habari za mvua muda mrefu kabla ya kugundua kwamba hawajuani. Nililia chooni. Mama Nzowa, aliyekuwa mkubwa wa zamu, alinifuata huko huko akagonga mlango.

"Umemaliza kulia?"

"Bado, mama."

"Basi maliza, vifuniko vinaanguka."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kwaya na roho ngumu, na alikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza: simu haina mkubwa. Aliyetangulia ndiye anayehudumiwa kwanza, awe bwana mkubwa wa wilaya au mama wa kuuza togwa. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia bwana mkubwa mmoja, "Shikamoo mheshimiwa. Mbele yako yuko mfanyabiashara wa mahindi na binti aliyefiwa. Subiri." Akasubiri. Kanuni ya pili aliitoa akiwa na visikizio kichwani, bila hata kunitazama: usichomoe waya mtu wa kwetu akiwa kwenye salamu. Mtu wa huku, awe Mnyiha, Mnamwanga au Msafwa, hakurushii shida usoni. Atakuuliza hali, watoto, mvua, ng'ombe, ndipo aseme kilichomtoa nyumbani. "Shida yake iko mkiani," alisema. "Ukimkata kichwani umemuua."

Kanuni ya kwanza niliishika kama Amri Kumi. Ya pili niliielewa vilevile, wala sitaki mtu aje kunitetea kwamba nilikuwa sijafundishwa.

Miaka ya tisini, kama mlivyosoma shuleni, kila kitu kilifunguliwa. Kwetu kufunguliwa kulikuja na mtambo wa simu unaojiunganisha wenyewe. Walikuja mafundi wawili wenye mikoba, wakakaa wiki, wakatuambia mtambo ule unafanya kwa dakika kazi tunayoifanya sisi kwa saa nzima. Halafu ikaja orodha ya wafanyakazi wa ziada. Ubao wetu ulitolewa kwa gari dogo la mizigo, nyaya zikining'inia nje, na mmoja wa mafundi, kijana mwenye adabu zake, akaniambia, "Si kosa lako, mama. Ni kwamba ninyi ni wa polepole." Mama Nzowa alirudi kwao kulima na hakuishi sana. Mimi neno hilo, wa polepole, nilihama nalo kwenda Tunduma, na nadhani sikuwahi kulitua.

Tunduma nilipata kazi katika ofisi ya wakala wa kutoa mizigo mpakani. Huko nilikutana na kompyuta kwa mara ya kwanza nikiwa mama wa watoto watatu. Nilichapa nyaraka za malori mchana kutwa, nikajifunza Kibemba cha kutosha kujibu "Muli shani, mayo?", yaani hujambo mama, kwa madereva wa Zambia, na kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kusoma vile vitabu vya maelekezo, ikatokea kwamba kompyuta ikigoma ninaitwa mimi. Elimu yangu yote ya mitambo ilianza kwa sababu wenzangu walikuwa wavivu wa kusoma. Sijawahi kuwashukuru.

Ndiyo sababu mradi wa ujumbe wa zahanati ulipokuja, walinichukua. Ninyi mmekuta kituo kimeshabadilika, kwa hiyo nieleze kilivyokuwa. Zahanati za bondeni, zile za Momba kuelekea kwa wafugaji, hazikuwa na simu za mezani, na mawimbi ya simu za mkononi yalikuwa ya kubahatisha. Nesi ilibidi apande kichuguu au mlima mdogo ndipo apate mawimbi, na hata hapo sauti ilikatika. Ujumbe wa maandishi ulipita. Kwa hiyo nesi aliandika ujumbe, ukaja Tunduma kwenye kifaa chetu cha kupokelea, kifaa kikauweka kwenye foleni, na seva zetu zikauchukua kutoka foleni, zikatambua umetoka zahanati gani na unahusu nini, kisha zikautoa kwenye karatasi mezani kwa Bwana Kibona. Bwana Kibona alikuwa Mndali mnene, mpole, mwenye redio ya mawasiliano na funguo za gari la wagonjwa. Gari lilikuwa moja.

Seva zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuja mpya ndani ya boksi, tukaiita Mkubwa. Ya pili ilikuwa imeshatumika mahali, lakini nzima. Ya tatu niliiokoa mimi kutoka kwenye ile ofisi ya mizigo walipotaka kuitupa. Nilibadilisha feni, nikaongeza kumbukumbu kidogo niliyoichomoa kwenye mashine nyingine mbovu, nikaifuta vumbi kwa mswaki. Ilikuwa nzito, inakoroma, na kazi aliyoimaliza Mkubwa kwa dakika moja yenyewe iliifanya kwa dakika tano au sita. Bwana Kibona aliiita Bibi. Kila asubuhi nilipofungua chumba niliitazama kwanza hiyo.

Fundi aliyetufungia mtambo aliitwa Gaudensi, kijana kutoka Mbeya, mkimya, mwenye kucha safi mno kwa fundi. Ndiye aliyeniuliza kazi igawanywe vipi.

"Kuna kugawa kwa zamu," alisema. "Ujumbe wa kwanza Mkubwa, wa pili huyu wa kati, wa tatu Bibi, unarudi mwanzo. Na kuna kugawa kwa uzito. Katika kila kumi Mkubwa apewe sita, wa kati tatu, Bibi mmoja. Mimi ningeweka uzito, Mama Atu."

"Kwa nini Bibi apewe mmoja?"

"Kwa sababu uwezo wake ni huo."

"Mashine zote tatu ziko hapa kufanya kazi. Weka zamu."

Alinitazama. "Mama, ukimpa mzee gunia sawa na kijana, hujamheshimu. Umemuumiza, na gunia halifiki."

Maneno hayo aliyasema, na niliyasikia. Nilimjibu kwamba yeye ni fundi na mimi ndiye nitakayekaa na mtambo. Leo naweza kusema bila aibu, au tuseme aibu imeshazoea kukaa: haikuwa hesabu. Ilikuwa kile kidonda cha Vwawa. Sikutaka kuwa mtu wa kuandika kwenye orodha kwamba fulani ni wa polepole, apewe kidogo. Nilimwonea huruma chuma. Na ikawa bahati mbaya kwamba wageni wa mradi walipokuja waliipenda sana ile picha ya kwenye ripoti yenye nguzo tatu zilizolingana, moja kwa kila seva. Walisema inaonyesha usawa. Mgeni mmoja aliipiga picha.

Mwaka wa kwanza na wa pili hapakutokea neno. Ujumbe ulikuwa haba, na foleni ikiwa fupi hata mzee anaimaliza. Zahanati nazo tuliziomba zitume ujumbe kila asubuhi kuonyesha kwamba simu zao ziko hai, na manesi, watu wa malezi mema, hawakuweza kutuma neno "tupo" peke yake kwa watu wazima. Walisalimia. Ujumbe ukawa mrefu. Sasa simu ina kawaida yake: maneno yakizidi kiasi, inaukata ujumbe vipande viwili na kuvituma kimoja baada ya kingine. Simu nzuri inayopokea huviunga tena. Kifaa chetu hakikuviunga. Kila kipande kilihesabiwa ujumbe kamili, kikapewa zamu yake na seva yake. Kipande cha kwanza kikienda kwa Mkubwa kinatoka papo hapo, cha pili kikiangukia kwa Bibi kinachelewa dakika moja, mbili. Bwana Kibona alizoea. Alikuwa anashika karatasi ya salamu mkono wa kushoto na kungoja ya pili itoke, huku akinywa chai. Tulicheka. Tulisema Bibi anapenda umbeya, anausoma ujumbe wa watu kabla ya kuutoa.

Halafu ikaja masika moja mbaya. Bondeni maji yaliingia kwenye visima na watu wakaanza kuharisha na kutapika. Kila zahanati iliagizwa kutoa taarifa ya wagonjwa kila saa, pamoja na orodha ya dawa zilizobaki. Ujumbe uliongezeka mara nyingi. Mkubwa hakutikisika. Wa kati naye aliweza. Kwenye skrini yangu kulikuwa na tarakimu moja ya foleni yote, nayo ilikuwa imepanda kidogo tu, kwa sababu seva mbili zilikuwa zinakwenda vizuri na kuificha ya tatu. Printa haikunyamaza. Karatasi zilikuwa zinatoka bila kukoma, na chumba chenye karatasi zinazotoka huonekana ni chumba kinachofanya kazi. Sikufungua kuangalia foleni ya seva mojamoja. Ilikuwa ni kubonyeza mara mbili.

Siku hiyo Bwana Kibona alikuwa ametoka kwenda kwenye kikao cha dharura cha wagonjwa wa kuharisha, nami nikashika meza yake. Saa tatu na robo asubuhi ilitoka karatasi kutoka zahanati moja ya mbali kabisa, ng'ambo ya Chitete, kwa Nesi Eliza. Huyu nilimfahamu. Alikuwa binti wa Kinamwanga, mrefu, aliyekuwa peke yake pale na mhudumu mmoja, na kila akija Tunduma alinipigia goti. Karatasi ilisomeka hivi:

"Shikamoo mama. Pole na kazi. Habari za Tunduma, watoto hawajambo? Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu, mvua inanyesha vizuri, kazi inaendelea salama."

Ujumbe wa asubuhi, kama asubuhi nyingine zote. Niliusoma nikafurahi, kwa sababu tangu kumepambazuka nilikuwa nasoma idadi za watu wanaotapika, na huyu ananiuliza watoto. Nilingoja kidogo kama kuna kipande cha pili. Hakikutoka. Shikamoo haiachwi hewani. Nikachukua simu ya kituo nikamjibu: "Marahaba mwanangu. Sisi wazima, tumepata ujumbe wako. Mungu awe nanyi." Nikaiweka karatasi kwenye lundo la waliosalimia, nikarudi kwa wanaotapika.

Saa tisa kasoro alasiri niliingia chumba cha mashine kuchukua karatasi tupu za printa. Bibi ilikuwa inasaga. Diski ilikuwa inatoa sauti ya mtu anayetafuna mchanga, na taa yake ya mbele haikuwa inawaka na kuzima, ilikuwa imewaka moja kwa moja. Ndipo nikafungua foleni yake peke yake. Ilikuwa na ujumbe wa tangu asubuhi. Theluthi moja ya kila kitu tulichotumiwa siku ile ilikuwa imekaa mle, kwa utaratibu mzuri, aliyetangulia mbele, wengine nyuma, kila mmoja akingoja zamu yake kama nilivyoagiza mimi.

Niliitoa Bibi kwenye mzunguko, nikaihamishia foleni yake yote kwa Mkubwa. Mkubwa aliimaliza kwa dakika mbili. Nataka vijana mkumbuke hiyo zaidi ya yote niliyowafundisha. Dakika mbili.

Bwana Kibona alikuwa amesharudi. Nilimsikia chumba cha pili akisoma karatasi kwa sauti ndogo kama alivyozoea, halafu akaniita.

"Mama Atu. Hii ya Eliza ni ya saa ngapi?"

Alinipa. Ilikuwa imeandikwa: "Ila tuna mama amejifungua alfajiri, kondo la nyuma halijatoka, anatoka damu. Tunaomba gari la wagonjwa haraka. Tunasubiri jibu."

Alienda kwenye lundo la waliosalimia, akaitafuta ya saa tatu na robo, akaziweka mezani zikaungana. Halafu akachukua funguo mwenyewe, hakumngoja dereva amalize kula, akamwinua wakaondoka. Nilijaribu kumpigia Eliza, simu ikawa haipatikani. Nilituma ujumbe: gari linakuja. Nilituma mara nne.

Barabara ya Chitete mnaijua kiangazi. Masika ile gari lilikwama mara mbili, na Bwana Kibona, na unene wake wote, alilisukuma. Walifika giza likiingia. Yule mama aliitwa Minza. Alikuwa amekufa tangu saa kumi alasiri, na mtoto wake alikuwa kwa shangazi yake, ananyonyeshwa na jirani.

Kesho yake nilibadilisha mgawo. Sita, tatu, na kwa Bibi sikuweka moja, niliweka sifuri. Nilimpigia Gaudensi, nikamwambia yaliyotokea. Hakuniambia kwamba alinionya. Alikuja na basi la kwanza, akakaa siku mbili akifanya kifaa kiunge vipande kabla ya kuviweka kwenye foleni, na akatengeneza ile skrini mliyoikuta ninyi, inayoonyesha foleni ya kila seva na umri wa ujumbe uliokaa muda mrefu kuliko wote. Mara nyingi mlinung'unika kwamba nawasumbua kuitazama kila nusu saa. Sasa mnajua. Akaniuliza Bibi aichukue akaitupe? Nikamwambia aichukue, na sikutoka nje kuiona ikipakiwa.

Wiki mbili baadaye kilikaa kikao Chitete kuchunguza kifo kile. Nilikwenda na Bwana Kibona, nikiwa nimechapa kumbukumbu za mtambo, kurasa tatu, saa kwa saa. Chumba kilikuwa kidogo, na wajumbe walikuwa sita upande mmoja wa meza. Eliza aliketi peke yake upande wa pili, sare yake imepigwa pasi. Nyuma, kwenye benchi la ukutani, alikaa mume wa marehemu, Msukuma mmoja mrefu aitwaye Masanja, kofia mapajani. Alikuwa ametoka huko kwao jana yake.

Mwenyekiti alikuwa na ile karatasi ya pili mbele yake. Alimuuliza Eliza kwa nini mama ajifungue alfajiri na ombi la gari litumwe saa tisa alasiri.

"Sikutuma saa tisa, mheshimiwa. Nilituma saa tatu asubuhi. Nilipanda kichuguu nikatuma."

"Karatasi inasema saa tisa kasoro."

"Simu yangu hii hapa."

"Saa ya simu mtu anaiweka anavyotaka."

Mjumbe mmoja akaandika. Niliona Eliza akitazama kalamu ile inavyokwenda. Alikuwa anaandikiwa uzembe, na kwa nesi wa zahanati ya porini, neno hilo likishaandikwa halifutiki. Alinigeukia. Hata hapo, mbele ya watu wanaommaliza, aliinamisha kichwa kwanza.

"Shikamoo mama. Mama, si ulinijibu? Si uliniandikia marahaba, mmepata ujumbe wangu?"

Bwana Kibona alinigusa kiwiko. Mpaka leo sijui alitaka niseme au ninyamaze. Nakiri kwamba palikuwa na nafasi hapo, ndogo, ya mtu kuvuta pumzi, na ndani yake nilipima. Mradi ungefungwa. Ningerudi kwenye orodha. Lakini niliinuka. Nilisema kwamba nilimjibu saa tatu na dakika ishirini asubuhi, kwamba ujumbe wake ulifika mzima Tunduma saa tatu na robo, kwamba kipande chenye damu kilikaa kwangu karibu saa sita kwenye mashine iliyokuwa haina uwezo, na kwamba aliyeipa mashine hiyo mzigo sawa na nyingine ni mimi, nikiwa nimeonywa. Nikaweka kurasa tatu mezani.

Mwenyekiti alizigeuzageuza. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, ila kurasa zile zilikuwa tarakimu tupu.

"Kwa hiyo," alisema mwishowe, "ni mtandao."

"Si mtandao, mheshimiwa. Ni mimi."

"Mama, sisi tunatafuta chanzo. Wewe hukukata mti ukamwangukia mtu." Akamgeukia mwandishi. "Andika hitilafu ya mtandao. Nesi hana kosa."

Ikaandikwa hivyo. Nchi hii mtandao umebeba dhambi za watu wengi, na siku hiyo ulibeba yangu. Eliza alifunika uso kwa viganja. Mimi nilibaki nimesimama, kwa sababu hakuna aliyeniambia nikae wala niondoke. Nilitaka mtu aniadhibu. Ni jambo la ajabu kulitaka na kulikosa.

Ndipo Masanja akanyoosha mkono, kama mwanafunzi.

"Ninaomba kuuliza, mkubwa."

"Uliza, mzee. Pole sana."

Hakumuuliza mwenyekiti. Aliniuliza mimi. "Mama, hilo jibu lako la asubuhi. Nesi alishuka nalo mbio kutoka kichuguuni. Alituambia, Tunduma wamepata ujumbe, gari linakuja. Wakati ule gari halikuwa linakuja?"

"Halikuwa linakuja."

"Hata kidogo?"

"Tulikuwa hatujui, baba. Mimi nilikuwa nimejibu salamu tu."

Alitikisa kichwa taratibu, akikubali, kama mtu anayeelezwa njia. Aliigeuza kofia yake mapajani, akaigeuza tena.

"Nilikuwa nimeshafunga ng'ombe wanne kwenye mkokoteni," alisema. "Tulikuwa tumeshatandika godoro na kumpakia. Kutoka zahanati mpaka kituo cha afya cha hapa Chitete ni saa tano, na matope tuseme sita. Saa tisa na nusu tungekuwa tumefika. Yeye alikata roho saa kumi. Nesi aliposema mmejibu, niliwafungua wale ng'ombe."

Hakuna mjumbe aliyeandika. Masanja alivaa kofia yake, akatuaga kila mmoja kwa mkono, mimi wa mwisho, mkono wake ukiwa mkavu na mzito, akatoka nje kutafuta usafiri wa kurudi kwa mtoto.